Ombi la Kukata Sekunde Arobaini kabla ya Jumamosi

Eleuterio Magsombol,
Mtaa wa Kalamansi,
Marikina, Ufilipino.
Jumatatu, 6 Novemba 2006

Kwa Bwana Hollis Pemberwick,
Mtayarishaji Mkuu wa katuni ya "Kimbiza Dunia",
Kanada.
(Kwa njia ya faksi)

YAH: OMBI LA KUKATA SEKUNDE AROBAINI KATIKA SEHEMU YA MWISHO

Ndugu Mtayarishaji,

Pokea salamu zangu pamoja na za mtaa mzima, ukimwondoa Aling Munda mwenye duka, ambaye siku hizi hamsalimu mtu ila kumwuliza atakula kipande gani cha nguruwe wake. Habari za nguruwe nimeziweka namba tatu.

Jina langu hulijui, wala sikulaumu. Wachoraji wenu wakubwa huko Kanada humchora mshindani wenu Tita Baby akiwa ameinua mguu, kisha humchora akiwa ameshautua, halafu karatasi hizo mbili zinapanda ndege hadi Manila na kufika mezani kwangu. Mimi nachora yote yaliyotokea katikati. Ninyi mnaamua mguu upande na ushuke; unapandaje na unashukaje, hiyo ni kazi yangu, na huu ni mwaka wa ishirini na moja.

Katuni yenyewe naipenda, na sisemi hivyo kwa sababu inanilisha. Mmechukua yale mashindano ya televisheni ambamo watu wazima wanaizunguka dunia na kulia kwa kukosa teksi, mkayafanyia mzaha wa haki kabisa. Timu nane za watu wawiliwawili, nchi kumi na moja, na mtangazaji Skip Danforth mwenye meno sitini. Nina uhakika ni sitini kwa sababu mimi huyachora moja moja. Na katikati ya timu hizo mkaweka wawili wa kwetu, Tita Baby na mdogo wake Tita Girlie, shangazi wawili wa Kifilipino waliovaa kofia za jua na viatu vya mpira. Kwa hilo tumewaombea dua nyingi.

Sasa tatizo. Jumamosi hii, saa moja jioni, sehemu ya mwisho itaonyeshwa huku kwetu. Mtaa wote utakusanyika kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, na kiti cha mbele kabisa amewekewa mama yangu, Nanay Perpetua, mwenye umri wa miaka sabini na minne. Watu wote hao wanajua kwamba Tita Baby anashinda. Mimi peke yangu najua kwamba hashindi. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mkate sekunde arobaini kabla ya siku hiyo. Sababu zangu ni hizi:

1. KUHUSU MWENDO WA TITA BABY. Miaka miwili iliyopita mama yangu alianguka kwenye ngazi za kanisa akavunjika nyonga. Alipona, lakini tangu siku ile mguu wa kushoto anautupa nje kidogo kabla ya kuutua, kama mtu anayefukuza kuku bila kutaka kumwumiza. Akaona haya. Akajifungia ndani, akawa hatoki ila kwa misa, na hata misa alikuwa akienda mapema ili watu wamkute ameshakaa.

Zilipokuja karatasi za kwanza za Tita Baby, nikaona mguu juu, mguu chini, na katikati hakuna agizo lolote. Basi pale katikati nikaweka nyonga ya mama yangu. Sikumwambia mtu. Siku ya sehemu ya kwanza mama alikuwa mbele ya televisheni anamenya vitunguu saumu. Akaweka kisu chini.

"Teryo, yule mwanamke anatembea kama mimi."

Nikamwambia katuni zote hutembea hivyo.

"Nenda kamdanganye mwingine! Yule ni mimi. Na tazama nilipo, niko Moroko!"

Kesho yake alikwenda dukani kwa miguu yake mwenyewe. Watu wakamwita, "Tita Baby! Mbio zinaendaje?" naye akawapungia mkono kama malkia. Daktari alikuwa amemwomba atembee nusu saa kwa siku, na kwa zaidi ya mwaka alimjibu kwamba nusu saa atatembea daktari. Ujue pia kwamba mama yangu alifanya kazi za ndani Hong Kong kwa miaka kumi na tisa, na alichokiona cha Hong Kong ni jiko la watu, na kila Jumapili kipande cha lami alichokalia na wenzake wakila tambi. Sasa kila Jumamosi anasafiri. Amefika Aislandi. Amefika Bolivia, na anasema hewa yake nyepesi.

2. KUHUSU MTAA ULIVYOJUA. Nilitia sahihi karatasi yenu ya kutunza siri, nami sikuivunja. Mwezi wa Februari nilipewa karatasi tisini na sita za tukio la mwisho. Tita Baby na Tita Girlie wanatokea kwenye kona, wanakimbia, wanarukia zulia la mwisho wa mbio, na Skip anafungua kinywa. Pembeni mwa karatasi za kinywa huwa yameandikwa maneno ili midomo iyafuate, na hapo yaliandikwa: "Ninyi ni wa kwanza..." Karatasi zangu zikaishia hapo. Mchoraji wa katikati haonyeshwi kinachofuata. Nikaamini nilichokiona, na wewe ungekuwa mimi ungeamini.

Wiki mbili zilizopita, dukani kwa Aling Munda, wakaniuliza nani anashinda. Nikanyamaza. Lakini nakiri, Ndugu Mtayarishaji, kwamba nilinyamaza huku nikitabasamu, na katika mtaa wetu hilo ni tangazo rasmi.

"Kuya Teryo kacheka! Jamani, kacheka!"

"Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo maana! Angekuwa hajui, angesema!"

Hoja hii sikuweza kuijibu siku ile, na mpaka leo siiwezi.

3. KUHUSU BANGO, MISA, HARUSI NA NGURUWE. Kwetu binti akifaulu mtihani wa uuguzi, bango la turubai linatundikwa barabarani lenye picha yake na jina lake. Mtu akirudi salama kutoka ughaibuni, bango. Kwa hiyo sikushangaa Kapitan Rodel Bunag, kiongozi wetu wa mtaa, alipotundika bango la mita saba juu ya uwanja: HONGERA TITA BABY NA TITA GIRLIE, MABINGWA WA DUNIA. Kilichonishangaza kidogo ni kwamba mita tano kati ya hizo ni uso wa Kapitan. Mabingwa wenyewe wako kwenye kona ya chini, wakubwa kama stempu.

Kisha Padre akaombwa misa ya shukrani, akakubali, na Jumapili iliyopita ilitajwa baina ya marehemu watatu na mtu aliyepata leseni ya ufundi umeme. Kapitan akaona haifai mabingwa wa dunia wasiwe na makazi, akawaandikia hati za ukazi zenye muhuri. Kwa mujibu wa hati hizo Tita Baby ni mkazi halali wa Mtaa wa Kalamansi na mwakani atapiga kura. Sijui sheria za Kanada zinasemaje kuhusu kumwadhibu mpiga kura wa nchi nyingine, lakini ningekushauri umwulize mwanasheria.

Halafu nguruwe. Aling Munda alikuwa anamlea kwa ajili ya harusi ya binti yake mwezi wa Desemba. Sasa nguruwe amepangiwa Jumamosi, na harusi imesogezwa mbele mpaka mwingine akue. Bwana harusi aliuliza, "Mwingine atakua lini?" Akaambiwa Juni. Akakubali, kwa sababu naye ni shabiki. Kwa hiyo tazama ulipotufikisha: vijana wawili wanaopendana wamekaa kila mtu kwao, kwa ajili ya ushindi ambao ninyi mmeufuta kwa sekunde arobaini.

4. KUHUSU ADHABU YENYEWE. Ijumaa iliyopita Ate Belinda, anayechora midomo kwenye meza ya jirani, aliniambia, "Maskini Tita Baby." Nikamwuliza maskini kwa nini. Akashangaa. "Kumbe hujui? Ile nyongeza ya Agosti?" Akanionyesha. Katika nyongeza hiyo Skip anamalizia sentensi yake: "Ninyi ni wa kwanza... lakini!" Na baada ya hilo "lakini" Tita Baby na Tita Girlie wanapigwa adhabu ya nusu saa kwa kosa la kufanya manunuzi njiani. Wanaonyeshwa mifuko iliyowajaa mikononi. Wanaketishwa kwenye zulia na mifuko yao, na wakiwa wameketi, timu ya yule mnyanyua vyuma wa Norwe na mbuzi wake inapita mbele yao na kutwaa ushindi.

Nani aliandika jambo hili? Sitaki afukuzwe kazi. Nataka kujua tu kama ana shangazi.

Kwetu mtu hatoki, hata akienda mji wa pili, akarudi bila pasalubong, yaani zawadi ya waliobaki nyumbani. Marehemu baba yangu alilazwa hospitali siku nne kuondolewa jiwe la figo, na alipotoka alipitia kwa mwoka mikate kwanza, ameshika tumbo, kwa sababu asingeweza kuwatazama majirani usoni. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na naamini hata huko kwenye barafu yenu mnalo la namna hiyo. Shangazi aliyepita nchi kumi na moja akarudi mikono mitupu, kwetu hapokelewi kama bingwa. Anaulizwa kama aliibiwa, na akisema hapana, anaulizwa tumemkosea nini.

Mifuko hiyo ilifikaje mikononi mwao si jambo la kujadili leo. Ilikuwepo. Ninachosema ni kwamba mmeadhibu fadhila na kutuza uchoyo. Wale washindani wengine, madaktari wa meno waliotalikiana, walipita Uswisi, Ndugu Mtayarishaji, Uswisi! na hawakununua hata chokoleti moja, na hakuna aliyewauliza kitu.

5. KUHUSU MBUZI. Katika sehemu ya nne alikula pasipoti ya mshindani. Katika sehemu ya saba alikula ramani. Hakuadhibiwa hata mara moja. Namba hii ni fupi kwa sababu nikiendelea nitatoa maneno yasiyofaa kwa faksi ya ofisi.

Kutokana na hayo, ombi langu ni dogo. Kateni kuanzia neno "lakini". Skip aseme "Ninyi ni wa kwanza", kisha liingie tangazo la sabuni. Huku hakuna atakayeshtuka. Hata ngumi za ubingwa tumezoea kuzikatiwa na sabuni pale mtu anapoanguka. Kama haliwezekani, basi toeni adhabu ya nusu saa kwa kila timu iliyorudi mikono mitupu, na mbuzi apewe saa nzima kwa ile pasipoti. Kama na hilo haliwezekani, mbio zirudiwe zote upya, nchi zote kumi na moja, nami najitolea kuchora katikati yote Jumapili bila kulipwa. Na yote yakishindikana, tumeni barua isemayo kwamba satelaiti imeanguka baharini. Barua iwe na muhuri, maana Kapitan haamini kitu kisicho na muhuri.

Nakuandikia kwa heshima lakini sitakuficha: naogopa. Kwa mtaa nitaomba radhi, na Aling Munda nitamkwepa mpaka Juni. Ninachoogopa ni uso wa mama yangu pale mbuzi atakapopita. Wiki ishirini amekuwa akitoka nje na nyonga yake kwa sababu nyonga hiyo inashinda. Ikishindwa mbele ya watu wote, na yeye yuko kiti cha mbele, nadhani atarudi ndani na safari hii sitakuwa na karatasi ya kumtoa.

Nisalimie wachoraji wenu wa mguu juu na wa mguu chini, ambao nimeishi baina yao miaka yote hii bila kuwaona. Msalimie bwana anayempa Skip sauti, na mama wa ofisini anayefunga vifurushi vyetu vizuri. Ate Belinda anawasalimu, Padre anawabariki, na Nanay Perpetua anasema mkipita Marikina mna sahani zenu. Mbuzi simsalimii.

Wenu katika kujenga katuni yenye haki,

Eleuterio Magsombol
Mchoraji wa katikati

NYONGEZA, Jumanne asubuhi: Faksi ya ofisi jana ilikwama, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuongeza jambo nililolipita haraka katika namba nne. Mifuko niliichora mimi.

Wachoraji wenu walinitumia Tita Baby mikono mitupu mwanzoni na mikono mitupu mwishoni, ameinyoosha juu, ndivyo mlivyotaka. Nilichora kumi za kwanza kama nilivyoagizwa. Lakini ilikuwa ni mama yangu, anarudi kutoka dunia nzima, na hana kitu mkononi. Nikashindwa. Nikampa mfuko mmoja mdogo. Hapo Tita Girlie akaonekana mchoyo, nikampa na yeye. Kufikia karatasi ya tisini na sita walikuwa na mifuko sita na boksi lililofungwa kamba, na zile karatasi zenu mbili, ya mwanzo na ya mwisho, nilizifuta nikazichora upya ili zikubaliane na zangu. Nadhani huko mlipoona hamna muda wa kurudia yote, mkaona ni rahisi kuandika adhabu ya kuieleza hiyo mifuko. Ningekuwa ninyi ningefanya vivyo hivyo.

Leo asubuhi nilimwambia mama kila kitu. Nilimpa barua hii aisome, maana Kiingereza changu cha kiofisi yeye ndiye hukikagua. Nilitegemea atakapofika namba nne machozi yatamtoka. Alisoma mpaka chini, akavua miwani.

"Kwa hiyo bila mifuko ningeshinda?"

"Ungeshinda, Nanay. Lakini ungerudi mikono..."

"Ningeshinda!"

"Majirani wangesema nini?"

"Majirani! Miaka kumi na tisa, Teryo! Kila nikishuka kutoka Hong Kong mabega yamechubuka kwa mabegi yenu. Sabuni za shangazi zako. Redio ya baba yako. Viatu vya Kapitan wa wakati ule, tena namba haikumtosha akaninunia! Hakuna siku niliyopita uwanja wa ndege nikiinua mkono hata kujikuna. Mara moja tu, mara moja maishani, nakimbia duniani mikono mitupu, halafu wewe, mwanangu wa kumzaa, unanitundika mifuko!"

Akauliza ndani ya mifuko mlikuwa na nini. Nikasema sikuchora ndani, nilichora mifuko tu. Sitayaandika aliyoyasema hapo.

Kisha akainuka bila fimbo, akanionyesha Tita Baby alikuwa anakimbiaje kabla sijamharibia: kutoka jikoni mpaka mlangoni, mikono juu, nyonga inatupwa huku na huku, sahani zinatikisika kabatini. Alipofika mlangoni alifungua, akaenda zake mtaani hivyohivyo, kumhadithia kila mtu.

Kwa hiyo, Ndugu Mtayarishaji, usikate hata sekunde moja. Adhabu ni halali. Nguruwe anachinjwa kama ilivyopangwa, mama yangu atakaa mbele, nami nimeamriwa kusimama kando ya televisheni tangu mwanzo mpaka mwisho, ili mbuzi akipita mtaa ujue wa kumzomea.